Settings ya kompyuta imekataa kufunguka? Pitia hatua hizi kabla hujamlipa mtu

Ni saa mbili kasorobo asubuhi. Umefungua duka na kuwasha kompyuta. Unataka kuingia kwenye akaunti yako ya biashara uangalie malipo ya jana kabla msambazaji hajafika na lori lake. Ukurasa unakataa, kivinjari kinakwambia muunganisho si salama. Unatupa jicho kona ya chini kulia ya skrini, kumbe saa ya kompyuta inaonyesha tarehe ya mwaka uliopita. Haya, si kitu, utaingia Settings urekebishe. Unabofya ile alama ya gurudumu lenye meno. Dirisha linafunguka likiwa tupu, linaganda kidogo, kisha linajifunga. Unajaribu tena, na tena. Wapi!

Hapa ndipo shida ndogo hugeuka kuwa hasara. Mtu akiwa na haraka hutafuta msaada popote: namba ya simu aliyoiona kwenye tangazo, "fundi" asiyemjua kwenye kundi la mitandao ya kijamii, au programu inayoahidi kutengeneza kila kitu kwa dakika moja. Anaambiwa alipe kwanza. Kisha anaambiwa afungue kompyuta ili fundi aiendeshe akiwa mbali. Mwishowe Settings inaweza hata kufunguka, lakini pesa za duka zimeondoka.

Leo tunakuonyesha jinsi ya kulitatua jambo hili mwenyewe kwenye kompyuta ya Windows 10 au Windows 11. Hatua zote hapa ni za bure. Zipitie kwa mpangilio, na ukifika pale ambapo Settings imefunguka, acha hapo. Hakuna haja ya kuendelea.

Kwanza elewa: Settings ni mlango tu

Watu wengi hudhani kwamba Settings ikikwama, mipangilio yote ya kompyuta imeharibika. Sivyo. Saa, mtandao, printa na akaunti zako zimehifadhiwa mahali pengine ndani ya Windows. Settings ni programu kama programu nyingine; kazi yake ni kukuonyesha mipangilio hiyo na kukuruhusu kuibadilisha. Ni mlango wa mbele. Ukikwama, nyumba haijabomoka, na kuna mlango wa uani.

Mlango huu hukwama kwa sababu za kawaida. Huenda programu iliganda na bado inaendelea kwa siri bila dirisha. Huenda sasisho la Windows lilikatizwa katikati, kwa mfano stima ilipopotea. Huenda diski imejaa, au faili za mfumo zimeharibika. Wakati mwingine ni akaunti yako tu ya kuingilia kwenye kompyuta ndiyo yenye hitilafu. Na mara chache, kuna programu hasidi iliyoizuia makusudi.

Una haraka? Pita mlango wa uani

Kama mteja amesimama mbele yako, usianze na matengenezo makubwa. Rekebisha kile unachohitaji sasa hivi, mengine utayafanya jioni.

Shikilia kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, kile chenye vijidirisha vinne, kisha bonyeza herufi R. Kisanduku kidogo kitatokea. Andika mojawapo ya haya kisha ubonyeze Enter:

- timedate.cpl hufungua tarehe na saa. Hakikisha tarehe, mwaka na saa ni sahihi, na kwamba eneo la saa ni "(UTC+03:00) Nairobi".
- ncpa.cpl hufungua orodha ya miunganisho ya mtandao. Kama Wi-Fi au waya wa mtandao umezimwa, bofya kwa kitufe cha kulia kisha uchague "Enable".
- appwiz.cpl hufungua orodha ya programu zilizowekwa, ili uweze kuondoa ile uliyoiweka majuzi kabla shida haijaanza.
- control hufungua Control Panel, ule ukurasa wa zamani wa mipangilio ambao bado upo.

Kwa nini tumeanza na saa? Kwa sababu saa ina uhusiano wa moja kwa moja na pesa zako. Kila tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikiamini kwamba tuko mwaka jana, itaona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na itakataa kukuingiza. Wengi hudhani ni sisi tumefunga akaunti yao, au mtandao ndio mbovu. Kumbe ni saa tu. Ukiirekebisha, funga kivinjari, kifungue tena, na mara nyingi ukurasa utaingia bila shida.

Tafadhali usibofye kile kiungo cha "endelea hata kama si salama" ili kuingia kwenye akaunti ya pesa. Onyo lile lipo kwa sababu. Rekebisha saa kwanza.

Na kama saa inarudi nyuma kila unapozima kompyuta, tatizo huenda likawa betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, ile inayotunza saa wakati stima imezimwa. Fundi yeyote wa kompyuta aliye karibu nawe anaweza kuibadilisha.

Hatua ya 1: Izime Settings kabisa

Kulifunga dirisha si sawa na kuizima programu. Settings inaweza kuwa imeganda nyuma ya pazia, na kila ukibofya unairudia ile ile iliyoganda.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, nayo ni orodha ya kila kinachoendelea kwenye kompyuta. Ukiona orodha fupi tu, bofya "More details". Tafuta "Settings", ibofye mara moja, kisha ubonyeze "End task". Sasa shikilia kitufe cha Windows ubonyeze herufi I. Kama tatizo lilikuwa kuganda tu, Settings itafunguka.

Ukiwa hapo hapo, angalia safu za "Memory" na "Disk". Kama moja iko karibu na asilimia 100, kompyuta imelemewa na hata Settings itachelewa kuitika. Funga programu usizozihitaji, hasa kivinjari chenye kurasa ishirini wazi, kisha ujaribu tena.

Hatua ya 2: Chagua "Restart", si "Shut down"

Hili huwashangaza wengi. "Nimeizima na kuiwasha mara tatu, bado!" Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, ukichagua "Shut down" mfumo huhifadhi sehemu yake ya msingi kwenye diski ili kesho uwake haraka. Kwa hiyo ukiuwasha, unaendelea pale pale ulipoachia, na kasoro yake ndani. "Restart" ndiyo huanza upya kabisa.

Basi bofya Start, kisha alama ya kuzimia, kisha "Restart". Kama kuna maneno "Update and restart", chagua hayo: huenda sasisho lililokwama katikati ndilo chanzo cha yote. Chomeka laptopu kwenye stima na uiache imalize.

Hatua ya 3: Angalia nafasi kwenye diski

Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze E, kisha uchague "This PC". Tazama mstari ulio chini ya diski C. Ukiwa mwekundu, nafasi imekaribia kuisha, na Windows hushindwa kufanya kazi zake za kawaida.

Fungua tena kile kisanduku cha Windows na R, andika cleanmgr, chagua diski C, kisha uweke alama kwenye vitu unavyotaka vifutwe. Lakini tahadhari moja: ukiona "Downloads" kwenye orodha, usiiwekee alama kabla ya kuangalia kilichomo. Hapo ndipo taarifa za akaunti na risiti ulizopakua huwa zimekaa.

Hatua ya 4: Irudishe Settings katika hali yake ya mwanzo

Bofya Start na uandike neno settings. Ikitokea kwenye orodha, ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague "App settings", kisha kwenye ukurasa utakaofunguka ubonyeze "Reset". Kufanya hivi hakufuti picha, barua wala hesabu zako. Kunafuta tu kumbukumbu za programu yenyewe ya Settings.

"Lakini ukurasa huo uko ndani ya Settings, na Settings ndiyo imekataa!" Kweli kabisa. Wakati mwingine ukurasa huo hufunguka ingawa ule wa mwanzo umekataa. Usipofunguka na unatumia Windows 11, bofya Start kwa kitufe cha kulia, uchague "Terminal (Admin)", ukubali swali litakalotokea, kisha uandike mstari huu kama ulivyo:

Get-AppxPackage windows.immersivecontrolpanel | Reset-AppxPackage

Lile neno refu la immersivecontrolpanel ndilo jina la ndani la Settings. Bonyeza Enter, subiri, kisha ujaribu kuifungua.

Hatua ya 5: Tengeneza faili za mfumo

Windows ina fundi wake wa ndani. Kumwita, bofya Start kwa kitufe cha kulia na uchague "Terminal (Admin)", au "Windows PowerShell (Admin)" kwa Windows 10. Andika mstari wa kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Angalia nafasi iliyo kabla ya kila mkwaju. Ukiiruka amri itakataa. Kazi hii hupakua faili safi kutoka kwa Microsoft, kwa hiyo hakikisha una bando au Wi-Fi ya kutosha. Asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Usiwe na pupa, usifunge dirisha. Ikimaliza, andika mstari wa pili:

sfc /scannow

Huyu hukagua faili za mfumo moja baada ya nyingine. Mwishoni atakupa jibu: hakukuta kasoro, alikuta na akazitengeneza, au alikuta na baadhi zimemshinda. Kwa jibu la pili, fanya "Restart" ujaribu Settings. Kwa jibu la tatu, fanya "Restart", kisha urudie mistari yote miwili mara moja zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu ukitumia akaunti nyingine

Kama bado, tunataka kujua: mgonjwa ni Windows nzima, au ni akaunti yako peke yake? Katika dirisha lile lile andika:

net user dukani * /add

Utaombwa nywila mara mbili. Unapoandika, hakuna kitakachoonekana kwenye skrini. Usishtuke, inaandikika. Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie kwa jina la "dukani". Kama Settings inafunguka huko, basi Windows ni nzima na kasoro iko kwenye akaunti yako ya zamani. Unaweza kuhamia hiyo mpya na kunakili faili zako taratibu.

Hata kama haukuwa ugonjwa, akaunti hii haitapotea bure. Haina mamlaka ya kuweka programu zinazogusa mfumo mzima. Ni nzuri kwa msaidizi wako wa dukani, huku akaunti yako wewe mwenyewe ikibaki yako.

Hatua ya 7: Rudisha kompyuta nyuma

Kama Settings ilikuwa nzima wiki iliyopita, andika rstrui kwenye kisanduku cha Windows na R. Kama huduma hiyo ilikuwa imewashwa, utaona tarehe ambazo kompyuta ilijihifadhi. Chagua iliyo kabla ya shida. Faili zako hazitaguswa, lakini programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka.

La mwisho kabisa ni kuweka Windows upya. Shikilia Shift huku ukibofya "Restart", uchague "Troubleshoot", kisha "Reset this PC", kisha "Keep my files". Programu zote ulizoweka zitaondoka, kwa hiyo nakili kila kitu cha maana kwenye flashi kwanza. Ukifika hapa na huna uhakika, sasa ni halali kumtafuta fundi.

Ukiona ujumbe kwamba umezuiwa

Wakati mwingine Settings haigandi. Inatoa ujumbe kwamba imezuiwa na msimamizi. Kama kompyuta ni ya kazini au ya shule, zungumza na anayeisimamia. Kama ni yako mwenyewe na hujawahi kuzuia kitu, shuku programu hasidi. Tafuta "Windows Security" kwenye Start na ufanye uchunguzi kamili. Mpaka umalize, usiingie kwenye akaunti yoyote ya pesa kupitia kompyuta hiyo. Tumia simu.

Na kama bado unatumia Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka, lakini usipojiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama, mianya mipya haitazibwa. Panga kuhamia Windows 11 kama mashine yako inaikubali.

Linda pesa zako unapotafuta msaada

Sehemu hii tunakuomba uisome hata kama Settings yako imeshafunguka.

*Onyo lenye namba ya simu ni mtego.* Ujumbe halisi wa hitilafu kutoka Microsoft haukupi namba ya kupiga, na Microsoft haimpigii mtu simu bila kuombwa kumwambia kompyuta yake ni mgonjwa.

*Usimkabidhi usiyemjua kompyuta kutoka mbali.* Anayeiendesha anaona unachoandika, anaona barua pepe zako, na anaweza kufungua nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari.

*Namba yako ya siri haitengenezi kompyuta.* Hakuna fundi, wa kweli au wa uongo, anayehitaji namba yako ya siri ya pesa, msimbo uliotumwa kwenye simu yako, wala picha ya kitambulisho chako ili kufungua Settings. Akiomba, mazungumzo yameisha.

*Usibandike usichokielewa.* Kuna tovuti za matapeli zinazokuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukifanya hivyo, umeiendesha mwenyewe amri yao ya wizi, kwa mkono wako. Ndiyo maana amri tulizokupa leo ni fupi: ziandike kwa kidole, herufi kwa herufi, na usikubali ukurasa wowote ukuharakishe.

*Ukimpelekea fundi kompyuta,* toka kwanza kwenye barua pepe na akaunti ya biashara, na kama inawezekana kaa hapo akitengeneza. Mlipe akimaliza na umeona inafanya kazi.

Na jambo moja zaidi: kompyuta ikiwa imekwama, usikubali malipo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Matapeli hupenda siku kama hizo. Angalia salio na orodha ya malipo kwenye simu yako wewe. Kama pesa haijaonekana huko, haijaingia.

Nimeshamruhusu mtu aingie. Nifanye nini?

1. Kata intaneti ya kompyuta mara moja. Zima Wi-Fi au chomoa waya.
2. Kwa kutumia simu yako, badilisha namba ya siri, kisha nywila ya barua pepe na ya akaunti ya biashara.
3. Angalia malipo ya hivi karibuni. Ukiona usilolijua, piga simu kwa huduma kwa wateja kwa namba iliyo ndani ya programu yetu, si ile uliyotumiwa na mtu.
4. Piga ripoti kituo cha polisi na utunze jumbe zote. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni.
5. Usiitumie kompyuta hiyo kwa mambo ya pesa mpaka ichunguzwe.

Kila dakika ina maana hapa. Usione aibu. Kuna watu makini sana waliowahi kudanganywa hivi, na anayeripoti mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa kitu.

Kwa ufupi

Settings ikikwama, tulia. Pita mlango wa uani ufanye kazi ya sasa. Kisha izime kabisa, ufanye "Restart", uangalie diski, uirudishe mwanzo, utengeneze mfumo, ujaribu akaunti nyingine, na mwisho urudishe kompyuta nyuma. Mara nyingi hutapita hatua ya pili. Na katika hatua zote hizo, hakuna hata moja iliyokuomba pesa au namba ya siri. Basi yeyote atakayekuomba, umeshamjua.